Ukuta wa Tumbo na Mlango wa Ngiri

Mtu akijitazama tumbo lake huona ngozi na kitovu tu. Lakini nyuma ya ngozi hiyo pana ukuta uliojengwa kwa ustadi mkubwa. Ukuta huo huyashika matumbo mahali pake, humwezesha mtu kuinama na kuinuka, humpa nguvu ya kukohoa na ya kwenda choo, na humsaidia mama kumsukuma mtoto wakati wa kuzaa. Walakini ukuta huo una mahali padogo palipo dhaifu, napo ni kinenani. Yafaa kila mtu mzima apajue, maana ugonjwa uitwao ngiri huanzia hapo mara nyingi, na ngiri huwaua watu ambao wangeweza kupona.

MATABAKA YA UKUTA

Kifua hulindwa na mbavu, bali tumbo halina mfupa wowote upande wa mbele. Toka mbavu za chini mpaka mifupa ya nyonga, kazi yote ya ulinzi hufanywa na misuli na kano.

Juu kabisa ni ngozi. Chini ya ngozi pana mafuta, ambayo kwa mtu mmoja huwa membamba na kwa mwingine huwa mazito sana. Chini ya mafuta, kila upande wa mwili, yamo matabaka matatu ya misuli mipana. Nyuzi za tabaka la nje hushuka kwa mshazari kuelekea mbele, kama vidole vya mtu aliyetia mikono katika mifuko ya suruali. Nyuzi za tabaka la kati hupanda kwa mshazari na kuzikata zile za kwanza. Nyuzi za tabaka la ndani huzunguka ubavu kwa kulala, kama mshipi. Msusi wa mikeka hatashangaa kusikia hayo, kwa kuwa ajua kwamba miyaa iliyopishana haiachani upesi kama miyaa iliyolala upande mmoja.

Katikati ya tumbo, kulia na kushoto kwa kitovu, imesimama misuli miwili mirefu itokayo mbavuni na kufika mfupa wa kinena. Kila mmoja umo ndani ya ala yake, kama upanga, na ala hiyo imefanyizwa kwa kano za matabaka yale matatu. Ala hizo mbili hukutana katikati na kufanya mstari mweupe wa kano, ushukao toka kifuani mpaka kinenani. Nyuma ya misuli yote pana utando mwororo unaong'aa, nao ndio uliotandazwa ndani ya tumbo lote. Tundu likitokea katika ukuta, utando huo ndio hutangulia kutokeza nje, na matumbo huweza kuufuata.

NJIA YA KINENA

Toka ncha ya mfupa wa nyonga mpaka mfupa wa kinena umevutwa ukano imara kama kamba. Juu kidogo ya ukano huo, kila upande, iko njia nyembamba ipitayo katika ukuta kwa mshazari. Urefu wake kwa mtu mzima ni sentimita 4 hivi. Njia hiyo ina mlango wa ndani na mlango wa nje, nayo milango hiyo haielekeani. Kwa sababu hiyo, mtu akohoapo au anyanyuapo mzigo, kuta za njia hubanwa pamoja na njia hujifunga. Kwa mwanamume hupita humo kamba ya korodani, yaani mrija wa mbegu pamoja na mishipa ya damu na ya fahamu. Kwa mwanamke hupita ukano mmoja uendao kwenye mji wa mimba, na njia yake ni nyembamba zaidi.

Huenda mtu akauliza kwa nini ukuta mzuri namna hii umeachwa na njia. Jibu lapatikana katika siku za mimba. Korodani za mtoto mwanamume haziumbwi mahali zionekanapo baadaye. Huumbwa juu, ndani ya tumbo, karibu na mafigo. Kisha hushuka polepole. Karibu na mwezi wa saba wa mimba hupita katika njia ya kinena, na mtoto azaliwapo kwa kawaida zimekwisha kufika katika mfuko wake. Safari hiyo ni ya lazima, kwa kuwa mbegu za uzazi hutengenezwa vema mahali penye joto dogo kuliko la ndani ya tumbo.

Zishukapo, kipande cha ule utando wa ndani hushuka pamoja nazo, mfano wa kidole cha glavu. Baadaye kidole hicho hujifunga chenyewe. Kisipojifunga, mtoto hubaki na mlango wazi toka tumboni mpaka mfukoni. Korodani ya kulia kwa kawaida huchelewa kushuka kuliko ya kushoto, na hiyo ni sababu mojawapo ya ngiri kuonekana zaidi upande wa kulia.

NGIRI NI NINI

Ngiri ni kutokeza kwa utumbo, au mafuta ya ndani ya tumbo, kwa kupitia mahali palipo wazi au dhaifu katika ukuta. Ngiri ya kinena hutokea kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni ile ipitayo njia yote, toka mlango wa ndani mpaka wa nje, nayo huweza kushuka mpaka mfuko wa korodani. Namna ya pili hutoboa ukuta wa nyuma wa njia uliolegea kwa umri, nayo huonekana zaidi kwa wazee. Kikohozi kisichokwisha, uvutaji wa tumbaku, choo kigumu, na kujikamua wakati wa kukojoa kwa ajili ya tezi dume iliyovimba, yote huzidisha hatari. Kuhusu mizigo, mara nyingi mzigo mzito hauleti udhaifu, bali hudhihirisha udhaifu uliokuwapo.

Madaktari hukadiria kwamba katika kila wanaume 100, wapatao 27 hupata ngiri ya kinena katika maisha yao, na katika kila wanawake 100, wapatao 3. Basi mtu mwenye ngiri hana sababu ya kuona haya kana kwamba amepatwa na jambo la ajabu. Wala ngiri si ya wanaume peke yao. Iko ngiri ya paja, ipitayo chini ya ule ukano wa kinena, karibu na mshipa mkubwa wa damu uendao mguuni. Hiyo huonekana zaidi kwa wanawake, nayo ni ya hatari kwa sababu mlango wake ni mwembamba na huubana utumbo upesi.

MAJINA YASICHANGANYWE

Katika pwani na bara watu husema kwamba fulani ana mshipa, na neno hilo hutumiwa kwa magonjwa zaidi ya moja. Yafaa kuyatenganisha.

Ngiri ni utumbo uliotoka mahali pake. Uvimbe wake hutokeza mtu asimamapo au akohoapo, na mwanzoni hurudi ndani alalapo chali.

Busha ni maji yaliyokusanyika kuizunguka korodani. Hayarudi tumboni mtu alalapo, na daktari akiweka tochi nyuma ya uvimbe gizani, mara nyingi mwanga hupenya. Katika pwani ya Afrika ya Mashariki mabusha mengi yameletwa na vijidudu vya matende, waenezwao na mbu. Wako wazee waliosema kwamba huletwa na kunywa madafu. Madafu hayana kosa lolote.

Mtoki ni kuvimba kwa tezi za kinenani, mara nyingi kwa sababu ya kidonda cha mguu au ugonjwa wa sehemu za siri. Huwa mgumu na wenye kuuma, wala hautokezi kwa kikohozi.

Mtu asijihukumu mwenyewe kwa maelezo haya. Yamwezeshe tu kumweleza daktari vema aliyoyaona.

SIKU YA HATARI

Ngiri huweza kukaa miaka mingi bila kumzuia mtu kazi yake, na hilo ndilo huwadanganya wengi. Siku moja utumbo hutoka zaidi, mlango huubana, na damu haipiti tena. Uvimbe huwa mgumu, huuma sana, wala haurudi ndani. Baadaye tumbo hujaa, mgonjwa hutapika, hapati choo wala hatoi upepo. Utumbo ulionyimwa damu huanza kufa katika muda wa saa chache tu. Ukitoboka, uchafu humwagika tumboni, na mgonjwa huwa karibu na kifo.

Mtu aliyepatwa na hali hiyo apelekwe hospitali yenye daktari wa upasuaji saa ile ile, usiku au mchana. Asipewe chakula wala haluli, na mtu asijaribu kuurudisha uvimbe kwa nguvu, maana huenda akaurudisha tumboni utumbo uliokwisha kufa. Kungoja asubuhi, au kungoja mjomba afike kutoka safari ili atoe shauri, kumewapoteza watu wengi.

TIBA YAKE

Ziko dawa nyingi za mizizi na za chupa ziitwazo dawa za ngiri. Msomaji aliyefuata maelezo ya juu atafahamu kwa nini haziwezi kuiponya: ngiri ni tundu katika ukuta, na tundu halizibwi kwa kitu kinachonywewa. Mshipi wa ngiri nao huuzuia uvimbe kwa muda tu, wala haufungi mlango. Kifungacho ni upasuaji.

Aliyefungua njia ya upasuaji wa siku hizi ni Edoardo Bassini wa Italia, aliyezaliwa mwaka 1844. Katika mwaka 1867, akiwa askari kijana katika vita vya kuigombea Roma, alichomwa singe kinenani na kukamatwa. Alipona kwa taabu. Baadaye, alipokuwa mwalimu wa upasuaji katika mji wa Padua, aliyachunguza matabaka ya kinena, na mwaka 1884 alianza kuujenga upya ukuta wa nyuma wa njia kwa kushona misuli na ule ukano. Kabla yake ngiri nyingi zilirudi baada ya kupasuliwa. Njia yake ilipunguza jambo hilo sana.

Walakini nyama zilizovutwa kwa uzi huweza kuachana tena. Kwa hiyo katika miaka ya 1980 daktari Irving Lichtenstein na wenzake wa Los Angeles, Marekani, waliweka wavu mwembamba juu ya mahali palipo dhaifu, nyama zikaota na kushikamana nao. Tatizo la hospitali nyingi za Afrika lilikuwa bei ya wavu huo. Madaktari wa Uganda na wa Sweden walijaribu kutumia kitambaa cha aina ya chandarua, kilichosafishwa kwa joto mpaka hakina vijidudu. Wanaume 302 wa mashariki ya Uganda walitibiwa, wengine kwa wavu wa bei kubwa na wengine kwa kitambaa hicho. Matokeo yalitangazwa mwaka 2016: baada ya mwaka mmoja ngiri ilikuwa imerudi kwa mtu mmoja tu wa kundi la kitambaa, na tofauti ya makundi hayo mawili haikuwa kubwa. Hiyo ni kazi ya chumba cha upasuaji, si ya kufanyiwa nyumbani.

Upasuaji ufanywao kabla ya siku ya hatari mara nyingi hutumia dawa ya ganzi ya mahali tu, na wagonjwa wengi hurudi nyumbani siku ile ile au ya pili. Ule ufanywao baada ya utumbo kufa ni mkubwa, na si wote wauvukao.

WATOTO

Kitovu cha mtoto kinachotokeza hakina budi kuangaliwa, lakini mara nyingi hujifunga chenyewe kabla hajatimiza miaka mitano. Kufunga sarafu juu yake hakusaidii, na huenda kukaleta kidonda. Ngiri ya kinena ya mtoto ni jambo lingine. Hiyo haijifungi, na hubana upesi zaidi kwa watoto wachanga. Kwa hiyo apelekwe kwa daktari mara ionekanapo.

Basi mwenye uvimbe kinenani, awe mwanamume au mwanamke, aende akaonyeshe ungali laini na ungali ukirudi ndani. Wakati huo mlango hufungwa kwa kazi ndogo, na mtu hurudi shambani au ofisini mwake akiwa mzima.