KUJITAYARISHIA CHUO KIKUU HUANZIA KIDATO CHA PILI

Kaka yangu alipata B+ katika KCSE. Siku hiyo nyumbani kulichinjwa kuku wawili. Baba, ambaye aliishia darasa la saba, alizunguka kijiji kizima akitangaza kuwa mwanawe atakuwa injinia wa stima. Wiki chache baadaye kaka alienda saiba kujaza maombi ya chuo, akarudi kimya. Uhandisi ulitaka Fizikia. Naye Fizikia alikuwa ameiacha mwisho wa kidato cha pili, kwa sababu maabara ilikuwa na vifaa haba na marafiki zake wote walikuwa wanakimbilia Biolojia. Hakuna aliyemwambia kuwa siku ile alipotia alama kwenye fomu ya masomo alikuwa anaufunga mlango. Wazazi hawakujua. Wangejulia wapi?

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza: je, mwanafunzi maskini hukosa akili, hukosa pesa, au hukosa wa kumwelekeza? Katika kusoma kwangu nilikutana na mpango wa Marekani uitwao Upward Bound. Ulianzishwa chini ya sheria ya mwaka 1964, wakati Rais Lyndon Johnson alipotangaza vita dhidi ya umaskini. Mwaka 1965 ukafuatiwa na Talent Search, na mwaka 1968 ukaja wa tatu wa kuwasaidia waliokwisha kuingia chuoni. Ndiyo sababu hadi leo miradi hiyo huitwa TRIO, ingawa imezidi mitatu.

Upward Bound huwachukua vijana wangali katika shule ya upili. Angalau thuluthi mbili yao lazima watoke katika familia za kipato cha chini ambamo hakuna mzazi mwenye shahada. Hufundishwa hisabati, sayansi ya maabara, fasihi, uandishi na lugha ya kigeni. Tena huelekezwa masomo ya kuchagua na jinsi ya kujaza fomu za kuomba ufadhili. Likizo ya kiangazi wengi huishi chuoni kwa takriban majuma sita, walale mabwenini, waingie maktaba, wazoee. Mtu akishazoea lango la chuo halimtishi tena! Mwigizaji Viola Davis, aliyekulia katika umaskini mkubwa jimboni Rhode Island, alipitia mpango huu.

Si ati kila mtu hufaidika sawa. Watafiti walioufuatilia kuanzia miaka ya tisini walikuta kuwa waliosaidika zaidi ni wale ambao mwanzoni hawakutarajia kabisa kupata shahada. Mimi hilo halikunishangaza. Aliyekwisha kujua njia haihitaji ramani.

Hapa kwetu pia tunao KenSAP, ulioanzishwa mwaka 2004 na Mike Boit, yule mwanariadha, pamoja na Mmarekani John Manners. Huwaandaa vijana kwa vyuo vya Marekani. Ni kazi nzuri mno, ila huwachukua waliokwisha kung'ara katika KCSE. Kaka yangu alipotea miaka miwili kabla ya hapo.

Kwa hivyo, wewe uliye kidato cha pili, kabla ya kuacha somo lolote, tafuta orodha ya kozi za KUCCPS uone kozi unayoitamani inadai masomo gani. Alama ya C+ hukufikisha mlangoni tu. Kila kozi ina masharti yake. Jifunze pia kutofautisha maneno haya ambayo wengi wetu huyachanganya: basari hailipwi, bali mkopo hulipwa. HELB, bodi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995, hutoa mikopo na hudai.

Kaka sasa anasomea biashara. Halalamiki, lakini akipita chini ya transfoma hutazama juu.

Chama chetu kimekubali kuwa muhula ujao, kabla ya kidato cha pili kujaza fomu zao, tutaketi nao alasiri mbili tukiwa na orodha hiyo mkononi. Mwalimu mlezi ameturuhusu kutumia chumba cha kompyuta. Kaka ameahidi kuja, naye ameomba aanze yeye kuzungumza.