Nia Njema Haitoshi: Somo la Maadili Kutoka Tamthilia ya Kikorea



Wengi wetu tunatazama tamthilia za Kikorea, na tumewahi kuulizwa kama huko si kupoteza muda. Inategemea tamthilia yenyewe. Ile yenye akili haitupi fumbo la kutegua tu, bali inatudai tuhukumu tendo ambalo moyo wetu ungependa kulisamehe haraka.

Tuchukue Stranger, iliyoandikwa na Lee Soo-yeon na kurushwa Korea Kusini mwaka 2017, msimu wa kwanza ukiwa na vipindi 16. Mwendesha mashtaka Hwang Si-mok, aliyepoteza sehemu kubwa ya hisia zake baada ya upasuaji wa ubongo utotoni, anamkuta mfanyabiashara ameuawa nyumbani kwake. Marehemu alikuwa akiwahonga waendesha mashtaka. Si-mok anashirikiana na afisa wa polisi Han Yeo-jin kutafuta ukweli.

Mwishoni tunagundua kwamba aliyekuwa nyuma ya mauaji (hatutamtaja, tusije tukawaharibia utamu) alitaka rushwa iliyoota mizizi katika vyombo vya haki ianikwe hadharani. Tulijikuta tunamwonea huruma, karibu tumpigie makofi.

Hapo Mtakatifu Tomaso wa Akwino anatusaidia. Ili tendo liwe jema, yapaswa kuwa mema tendo lenyewe, nia na mazingira yake. Kimoja kikiharibika, tendo zima limeharibika. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (na. 1753) inafundisha vivyo hivyo: lengo jema halihalalishi njia mbaya. Wahenga walisema nia njema ni tabibu. Lakini tabibu akimpa mgonjwa sumu, nia yake haimponyi.

Si-mok na Yeo-jin wanachukia rushwa ileile, ila wanafuata njia ya ushahidi. Ni njia ndefu, lakini haimwagi damu.

Nasi je? Mwizi anapopigwa mtaani hadi kufa, mara ngapi tumesema, “Amestahili”? Makofi yetu mbele ya runinga na maneno yetu mtaani yanatoka katika dhamiri moja.

Maswali ya kujadili katika jumuiya:
1. Ni lini tumetetea njia mbaya kwa sababu ya lengo zuri?
2. Tufanye nini haki inapochelewa?