SOMO: Kuchagua krenki ya gari la parokia lenye turbo



Gari la parokia likilala gereji, mgonjwa wa Kirua Vunjo anayetakiwa kufika Hospitali ya Kilema au KCMC hutafutiwa usafiri wa kukodi. Kamati basi huombwa iidhinishe haraka krenki nyingine. Tujifunze kwanza, hasa kama injini ni ya dizeli yenye turbo, mfano 1HD-T ya Toyota Land Cruiser au 1KZ-TE ya Prado.

1. Chanzo kijulikane. Krenki hugeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko, nayo huelea juu ya utando mwembamba wa oili ndani ya beringi. Turbo huingiza hewa zaidi, dizeli nyingi huungua, na beringi hulemewa, hasa gari likipandisha mzigo kutoka Uchira. Oili ikichafuka au ikikosa presha, beringi huliwa na injini hunoki. Msipokagua pampu, njia za oili na turbo yenyewe, krenki mpya itakufa kama ya kwanza, kwani vipande vya chuma hubaki humo.

2. Njia ni tatu. Kuchonga krenki iliyopo ni nafuu kama haina ufa wala haijapinda. Ikichongwa milimita 0.25, beringi nazo ziwe za 0.25. Lakini krenki nyingine zimekomazwa kwa tabaka jembamba la juu, na kuchonga huliondoa. Krenki ya mtumba ipimwe kwa mikrometa na ikaguliwe nyufa kabla ya kulipwa. Krenki mpya iwe na namba ya spea inayolingana na injini yenu.

3. Msidanganyike na cc. Injini 1HZ isiyo na turbo na 1HD-T zote zina cc 4,164, lakini hilo pekee halithibitishi kuwa krenki ni moja. Kwa baadhi ya injini, isiyo na turbo hupewa krenki ya chuma cha kumimina, na yenye turbo ya chuma kilichofuliwa. Wahunzi wa Mamba, majirani zetu, wanajua tofauti hiyo: chuma kilichofuliwa huvumilia kishindo zaidi.

Mfadhili anayechangia krenki anataka kuona gari barabarani mwakani pia. Kwa hiyo bei isomwe pamoja na vipimo, na fedha ya beringi, filta, oili na usafishaji iwemo katika bajeti ileile.

Maswali ya kujadili katika kamati:
- Je, fundi ameandika chanzo cha krenki kufa?
- Je, vipimo vya kila shingo ya krenki vimeandikwa na kutiwa saini?
- Nani anatunza daftari la kubadilisha oili, na mara ya mwisho liliandikwa lini?

Swali la tatu likikosa jibu, anzeni hapo kabla ya kununua chochote.