Salme binti Said: Kalamu Ilimponza, Kalamu Ikamfaa. Jadili.

Usisimulie maisha yake tu, jibu swali.

(a) Ilimponza: Salme, bintiye Sultani Seyyid Said wa Unguja, alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia. Mwaka wa 1859, Barghash alipomwasi nduguye Majid, Salme ndiye aliyewaandikia waasi barua. Uasi uliposhindwa, alitengwa na baadhi ya jamaa.

(b) Ilimfaa: Alifiwa na mumewe, Heinrich Ruete, Ujerumani mwaka wa 1870, akabaki na watoto watatu wadogo. Mwaka wa 1886 alichapisha kumbukumbu zake. Katika barua zake alieleza upweke wa ugenini.

Tanbihi: Taja hoja, toa mfano, kisha eleza. Mfano usioelezwa hupoteza alama.