Chenga katika Picha ya Altrasaundi

Mama mjamzito akipimwa kwa altrasaundi mara nyingi hupewa picha ndogo ya karatasi. Akifika nayo nyumbani, baba na bibi huigeuza huku na huku wasimwone mtoto, ila chenga nyeusi na nyeupe kama za televisheni isiyokamata vizuri. Wengine huingiwa na hofu kwamba mtoto ana kasoro. Chenga hizo si ugonjwa. Lakini zaweza kuuficha ugonjwa, ndiyo maana yafaa tujue zinatoka wapi.

Mashine hii haitumii mionzi kama eksirei. Hutumia sauti ya mitetemo milioni 2 na zaidi kwa sekunde, ambapo sikio la binadamu huishia kwenye 20,000 hivi. Sauti huingia mwilini, hugonga viungo, na mwangwi unaorudi huchorwa kuwa picha. Dk. Ian Donald na wenzake wa Glasgow, Scotland, walitangaza kazi yao hiyo mwaka 1958.

Sasa, nyama ya mwili ina chembe ndogo zisizohesabika, na kila moja hurudisha mwangwi wake. Umewaona watoto wakitupa changarawe bwawani? Viwimbi vikikutana, pengine huinuka pamoja, pengine huuana. Vivyo hivyo miangwi ikitiana nguvu hutokea doa jeupe. Ikiuana hubaki doa jeusi. Hizo ndizo chenga.

Mashine nyingi za siku hizi hutazama sehemu ile ile kutoka pembe mbalimbali, kisha huchanganya picha zote. Chenga hubadilika kila pembe inapobadilika, bali mfupa wa mtoto hubaki pale pale. Picha 9 ambazo chenga zake hazifanani kabisa zikichanganywa, chenga hupungua hadi theluthi moja. Njia nyingine ni kompyuta kulinganisha kila nukta na jirani zake na kuilainisha. Hapo pana hatari: ulainishaji ukizidi, picha hupendeza macho, lakini uvimbe mdogo hufutika pamoja na chenga. Kwa hiyo usimpime mtaalamu kwa uzuri wa picha aliyokupa.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Ile jeli baridi tumboni huondoa hewa kati ya kifaa na ngozi, kwani hewa hurudisha karibu sauti yote. Mimba ikiwa changa, mama huambiwa anywe maji asikojoe, kwa sababu kibofu kilichojaa huusogeza utumbo wenye gesi na kuipitisha sauti vizuri. Lakini kikijaa kupita kiasi hubana sehemu ya chini ya kizazi, na kondo la nyuma laweza kuonekana limeziba njia ya mtoto kumbe sivyo. Ndipo mama huambiwa akakojoe apimwe tena. Asinung'unike.

Tena, kondo lililoonekana chini katikati ya mimba mara nyingi hupanda kadiri kizazi kinavyokua. Mama akipangiwa kurudi miezi ya mwisho, na arudi, akiwa na majibu yaliyoandikwa, si picha tupu. Kondo likiwa bado limeziba mlango wa kizazi, atajifungua kwa upasuaji hospitalini; kwa njia ya kawaida aweza kutokwa damu hadi kufa. Na damu ikitoka kabla ya siku aliyopangiwa, hata bila maumivu yoyote, baba atafute usafiri saa hiyo hiyo.