Kupima Shinikizo la Damu Nyumbani

Katika somo la Fizikia tumefundishwa ya kuwa kadiri maji yanavyozidi kina, ndivyo yanavyozidi kusukuma. Wengi wetu twadhani kanuni hiyo ni ya mapipa na visima tu. Nataka kuonyesha kwamba imo pia katika mkono wa mzazi ajipimaye presha nyumbani, na ya kuwa asiyeijua aweza kunywa dawa isiyomfaa au kuacha imfaayo.

Mwaka 1733 Stephen Hales wa Uingereza alitangaza jinsi alivyotia bomba la kioo katika mshipa wa farasi, na damu ikapanda humo zaidi ya futi 8. Kwa bahati njema hatutobolewi hivyo tena. Mwaka 1896 Scipione Riva-Rocci wa Italia alibuni mkanda wa kujazwa hewa kuuzunguka mkono, akasoma kipimo kwa zebaki. Ndiyo sababu hata mashine ya betri, isiyo na tone la zebaki, bado yahesabu kwa milimita za zebaki. Tarakimu ya juu ni ya wakati moyo unapobana, ya chini ni ya wakati unapotulia.

Sasa tufanye hesabu. Zebaki ni nzito kuliko damu karibu mara 13. Basi mkono ukining'inia, na mkanda ukawa sentimita 10, yaani milimita 100, chini ya moyo, twagawa 100 kwa 13: kipimo chaongezeka karibu 8 bure. Mkono ukiinuliwa juu ya moyo, hupungua vivyo hivyo.

Baba yangu mdogo alijipima mara aliposhuka baiskeli, amesimama, mkono unaning'inia: 158 kwa 94. Papo hapo akataka kununua vidonge anywavyo jirani. Nikamwomba aende msalani kwanza (si rahisi kumwambia mkubwa, lakini kibofu kilichojaa hupandisha kipimo), kisha akae dakika 5 pasipo kuzungumza, mgongo umeegemea, nyayo zote sakafuni, mkono mtupu juu ya meza na mkanda usawa wa moyo. Ikawa 144 kwa 88.

Tukapima asubuhi na jioni kwa siku 7, mara mbili kila wakati, tukipisha dakika moja. Alitaka kufuta tarakimu zilizomchukiza, nikakataa. Tuliacha za siku ya kwanza, wastani wa zilizobaki ukawa 139 kwa 87. Wastani wa nyumbani ukifika 135 kwa 85 huhesabiwa kuwa juu. Hospitalini mpaka ni 140 kwa 90. Kumbe presha anayo kweli! Daktari alilisoma daftari, akampima mwenyewe, akamwandikia dawa, nayo siyo ile ya jirani.

Chai, kahawa na sigara viachwe nusu saa kabla. Mkanda mdogo kwa mkono mnene hutoa kipimo kikubwa kuliko haki. Mashine za kifundo cha mkono mimi sizipendi, kwani mkono hupotea mahali pake upesi.

Ikionekana 180 kwa 120 au zaidi, mgonjwa atulie, apimwe tena baada ya dakika chache. Isiposhuka, aonwe na daktari upesi. Lakini kifua kikiuma, pumzi ikibana, upande mmoja ukilegea au ulimi ukiwa mzito, acheni mashine, mpelekeni hospitali saa ile ile.