SOMO: NYIMBO ZA SIMU KATIKA REDIO YA MOTOKAA

Motokaa nyingi zinazopita kati ya Kasongo na Kabambare si mpya. Zilitengenezwa mbali, kama vile katika nchi ya Japani. Zilitumika huko miaka mingi, kisha zikauzwa tena. Injini bado ni nzima, lakini redio ni ile ile iliyowekwa na kiwanda siku ya kwanza. Ina mlango wa kaseti, pengine na mlango wa sahani za nyimbo. Tundu la kuingizia waya wa simu haina. Na siku hizi nyimbo za watu haziko tena katika kaseti. Ziko katika simu, au katika chombo kidogo cha muziki kinachokaa mfukoni.

Basi dereva anamwendea fundi. Anamwambia, "Fundi, nataka nyimbo za simu yangu zisikike katika redio hii. Ninunue redio nyingine?" Fundi mwenye akili hajibu upesi. Kwanza anaitazama redio vizuri, maana redio yenyewe itamwonyesha njia.

Sauti inayotoka katika simu kwa waya si sauti bado. Ni umeme mdogo sana, unaopanda na kushuka kama wimbo wenyewe. Umeme huo unatosha kutikisa visikizio vidogo vya masikioni, lakini hauwezi kutikisa vipaza sauti vya motokaa. Kazi ya redio ni kuukuza. Kwa hiyo waya wa simu usifungwe kamwe katika nyaya za vipaza sauti. Huko unapita umeme uliokwisha kukuzwa, nao ukirudi katika simu utaiharibu. Wako watu wanaofanya hivyo kwa kudhani kwamba waya ni waya tu. Simu zao hazidumu.

Sasa shikeni ncha ya waya wa visikizio, mwitazame. Unene wake ni milimita 3,5. Ina pete nyembamba zinazoigawa katika sehemu. Mbele kabisa ni sehemu ya sauti ya kushoto, inayofuata ni ya sauti ya kuume. Sehemu nyingine ni njia ya umeme kurudi; na kama visikizio vina kipaza sauti cha kusemea, kuna sehemu ya nne.

Ikiwa redio ina mlango wa kaseti, kazi ni rahisi. Kaseti ilitolewa na Philips mwaka 1963. Ndani ya kaseti ya kweli mna utepe wenye sumaku. Utepe unapita mbele ya kichwa cha kusomea, na kichwa kinageuza sumaku ile kuwa umeme. Watu wakabuni kaseti ya uongo. Kwa nje inafanana na kaseti, lakini ndani haina utepe. Ina kichwa kidogo chake, na waya mrefu wenye ncha ya milimita 3,5. Waya unaingizwa katika simu, kaseti inaingizwa katika redio, na vichwa viwili vinakaa uso kwa uso. Umeme wa simu unafanya sumaku, na kichwa cha redio kinaisoma kama utepe. Redio imedanganywa, na nyimbo zinasikika. Ndani ya kaseti hiyo mna magurudumu madogo, ili mashine ione kwamba utepe unazunguka. Yakikwama, redio inaitapika kaseti.

Vumbi la barabara zetu ni adui wa kichwa hicho. Sauti ikiwa nzito, kama mtu anayesema chini ya blanketi, mara nyingi kichwa ni kichafu. Kinasafishwa polepole kwa pamba na spiriti, redio ikiwa imezimwa.

Na kama hakuna mlango wa kaseti? Iko njia ya pili: kituo kidogo cha redio cha kuchomeka katika tundu la kuwashia sigara. Chombo hicho kinachukua nyimbo kutoka katika simu na kuzitoa tena kwa mawimbi ya FM. Mawimbi yake ni dhaifu, lakini redio iko karibu, inayasikia. Dereva anatafuta namba isiyo na kituo chochote, kisha anaweka namba hiyo hiyo katika chombo na katika redio.

Hapa madereva wengi wanashindwa, wanasema chombo ni kibovu. Sababu ni hii. Vyombo hivyo kwa kawaida hutoa mawimbi kati ya megahezi 87,5 na 108. Lakini redio za zamani zilizotengenezwa kwa ajili ya watu wa Japani husikia tu kutoka 76 hadi 90. Dereva akichagua 100, redio yake haiwezi kufika huko. Achague namba kati ya 87,5 na 90, naye atasikia. Chombo hakikuwa na kosa.

Malori makubwa yana jambo lingine. Mengi yana betri mbili zilizofungwa pamoja, na nguvu yake ni volti 24. Motokaa ndogo ni volti 12. Chombo kilichoandikwa 12 peke yake kikichomekwa katika lori la 24 kitaungua. Someni maandishi kabla ya kuchomeka.

Redio nyingine zina tundu upande wa nyuma, lililowekwa kwa ajili ya mashine ya kubadili sahani. Fundi anaweza kuunganisha waya wa simu huko, kwa kifaa kinachopatana na redio ile. Kwanza anamwuliza dereva namba ya siri ya redio, kwa kuwa redio nyingine zikikatiwa umeme hazisemi tena mpaka zipewe namba hiyo. Kisha anaondoa waya wa betri wenye alama ya kutoa (–), ndipo anaitoa redio mahali pake.

Fyuzi ikikatika, iwekwe nyingine ya namba ile ile. Fyuzi ina uzi mwembamba unaokatika umeme ukizidi, ili nyaya zisiwake moto. Mtu anayeweka kipande cha waya au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi ameondoa mlinzi. Nyaya zitapata moto nyuma ya redio, ambapo hakuna anayeziona, na motokaa ina petroli na watu ndani.

Mvua zikinyesha sana, gari linaweza kulala njiani kwa sababu ya tope. Dereva anazima injini, lakini abiria wanataka nyimbo usiku kucha. Tuseme redio inakula saa-ampea 2 kila saa moja. Betri nzuri ya saa-ampea 60 itavumilia. Betri iliyozeeka, ambayo imebaki na 25 tu, haitavumilia. Asubuhi nyimbo bado zinalia kwa sauti ndogo, lakini ufunguo ukigeuzwa injini inasema "tik", basi. Kuamsha injini kunataka umeme mwingi kwa mara moja, kupita ampea 100. Na pengine ndani ya gari hilo amelala mama mgonjwa anayepelekwa hospitali.

MASWALI

1. Kwa nini waya wa simu usifungwe katika nyaya za vipaza sauti?
2. Redio ya Japani inasikia mpaka 90. Chombo kimewekwa 98,5. Dereva afanye nini?
3. Betri ina saa-ampea 25. Redio inakula ampea 2, nayo imelia kutoka saa mbili ya usiku mpaka saa kumi na mbili ya asubuhi. Zimebaki saa-ampea ngapi?
4. Simu inapochajiwa katika motokaa huku ikicheza nyimbo, pengine mlio mwembamba unasikika, nao unapanda injini ikikimbia. Ondoeni waya wa kuchaji, msikilize tena. Mlio umekwenda wapi?